Masikio ya Raia Yasizibwe

Mwaka nenda mwaka rudi kurasa hizi hujaa hoja juu ya sare, chakula cha bwenini na simu shuleni. Hoja hizo ni nzuri na wenye kuzitetea wapo. Mimi leo naomba mniruhusu niwapeleke mbali kidogo, hadi Marekani, nitoe maoni yangu kuhusu chombo kimoja kiitwacho skana. Msije mkadhani nasema ile mashine ya kunakili karatasi ofisini. La hasha! Nasema redio.

Skana ni redio ya kusikiliza tu. Huwezi kuitumia kumjibu mtu. Ile ya mezani hukaa kando ya vitabu vyako, ina kioo kidogo mbele, vitufe kadhaa, na antena ambayo wenye bidii huipandisha juu ya paa. Redio ya kawaida ukiiweka kwenye stesheni hubaki hapo hapo mpaka uibadilishe. Skana haitulii. Hupekua masafa moja baada ya mengine kwa kasi, na ikikuta mtu anaongea, husimama ikakusikilizisha. Akinyamaza, nayo huendelea na safari yake. Inachonasa si muziki wala taarifa ya habari. Ni yale mazungumzo ambayo sisi huyaita ya redio koli: polisi wakitumwa mahali, zimamoto wakiomba maji zaidi, ambulansi ikiarifu hospitali kwamba inakuja.

Sasa swali lililowagawanya Wamarekani ni hili: je, raia wa kawaida ana haki ya kuyasikia mazungumzo hayo, au ni ya wenyewe? Msimamo wangu nautaja mapema ili msinipige chenga. Mazungumzo ya kila siku ya polisi na zimamoto yanapaswa kubaki wazi kwa raia. Kinachostahili kufichwa kifichwe, lakini kifichwe hicho tu.

Kwanza tujue kwamba jambo hili si geni. Polisi wa jiji la Detroit walianza kuyatuma magari yao kwa redio mwaka 1928. Wakati huo maagizo yalisikika kwa yeyote mwenye redio inayofika masafa hayo, na katika miaka ya 1930 redio nyingi za nyumbani ziliuzwa zikiwa na sehemu ya masafa ya polisi. Watu walikaa sebuleni baada ya chakula cha jioni wakisikiliza mji wao ukilindwa. Mpigapicha mashuhuri wa New York, Arthur Fellig aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali mwaka 1938 cha kuwa na redio ya polisi ndani ya gari lake. Ndiyo maana mara nyingi alifika kwenye tukio mapema, na picha zake za usiku wa mji ule zinatazamwa hadi leo.

Haya, teknolojia ikabadilika. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu ya jambo hili.

Chukua shule yenye madarasa ishirini na mifereji mitano ya maji. Ukisema kila darasa liwe na mfereji wake, mifereji haitoshi. Tena ukiigawa, utakuta huu una foleni na ule hauna mtu. Basi mwalimu wa zamu anaweka kiranja mmoja kwenye tangi. Hakuna darasa lenye mfereji wake. Fomu Mbili wakija, kiranja anapaza sauti, "Fomu Mbili, mfereji wa tatu!" Wakirudi baadaye, huenda akawapa wa kwanza. Kwa njia hiyo mifereji mitano inawatosha wote.

Hivyo ndivyo ulivyo mfumo unaoitwa trankingi. Masafa machache hugawanwa na idara nyingi za mji. Kila idara, au kila sehemu ya idara, huwa kundi la mazungumzo lenye nambari yake: polisi wa kaskazini kundi lao, zimamoto kundi lao, wazoa taka lao. Masafa mamoja hutengwa yafanye kazi ya yule kiranja. Kompyuta hutangaza humo, bila sauti ya mtu, kwamba kundi fulani sasa liende kwenye masafa fulani. Askari akibonyeza redio yake, hupewa nafasi kabla hajapumua mara mbili.

Kwa mwenye skana ya zamani huu ulikuwa msiba. Alikuwa kama mtu aliyekaa kwenye mfereji wa tatu: anasikia nusu ya maneno ya Fomu Mbili, kisha Fomu Nne, kisha wapishi. Mazungumzo yanaanza hapa yanamalizikia kule. Dawa ilipatikana mwaka 1997, kampuni ya Uniden ilipotoa skana ya mkononi yenye uwezo wa kumsikiliza kiranja mwenyewe na kulifuata kundi popote linapopelekwa. Skana za mezani za siku hizi, kama ile iitwayo SDS200, zimerahisisha kazi kabisa. Ndani yake mna kadi ya kumbukumbu yenye orodha ya mifumo ya redio ya Marekani na Kanada. Unaandika nambari ya posta ya mji wako, unachagua kama wataka polisi, zimamoto au vyote, halafu unatulia. Jina la kundi linaloongea huonekana kwenye kioo. Ukitaka kubaki na kundi moja, kuna kitufe cha kulishikilia. Ukichoshwa na wazoa taka, kuna kitufe cha kuwaruka. Hata mzee asiyependa kompyuta anaweza.

Na sheria yao inasemaje? Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 kuhusu faragha ya mawasiliano ya elektroniki iliruhusu watu kusikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto yaliyo wazi kwa umma, ikakataza kuingilia simu za mkononi. Baadaye, tangu mwaka 1994, ikakatazwa hata kutengeneza au kuingiza nchini skana zinazofika kwenye masafa ya simu hizo. Aliyevuka mpaka aliadhibiwa. Mume na mke mmoja wa jimbo la Florida walinasa kwa skana mazungumzo ya simu ya viongozi wa chama cha Republican mnamo Desemba 1996, wakayarekodi. Mwaka uliofuata walikiri kosa mahakamani wakatozwa faini ya dola 500 kila mmoja. Mimi naona hapo sheria ilikuwa na busara. Simu yangu na mama yangu ni yetu sisi. Lakini askari anapotumwa kazini kwa redio iliyonunuliwa kwa kodi ya watu, hiyo ni kazi ya watu.

Tatizo lilianza pale miji ilipoanza kufumba sauti. Redio za kidijitali hugeuza sauti kuwa tarakimu, na tarakimu ni rahisi kuzivuruga kwa ufunguo wa siri ili asiye na ufunguo asiambulie kitu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa fumbo hili methali yetu imeshindwa. Ufunguo unaotumiwa sana una tarakimu 256 za sifuri na moja, wala hakuna mwerevu wa kuligangua akiwa na skana mezani. Skana inaona kwamba kundi fulani linaongea, inaona hata nambari yake, lakini sauti hakuna. Polisi wa Denver walifumba mawasiliano yao mwaka 2019. Chicago walianza kufumba mwaka 2022, na raia wakaachiwa kusikiliza kwenye intaneti baada ya dakika 30 kupita. New York, mji wa Weegee, ulianza mwaka 2023 katika vituo vya polisi vya Brooklyn.

Nitakuwa sijatenda haki nisipotaja sababu za polisi, maana si za kupuuzwa. Wanasema wahalifu nao husikiliza. Mwizi akijua gari la polisi liko mtaa gani, atatokea mlango wa nyuma. Wanasema pia kwamba hewani hutajwa majina ya watu, tarehe zao za kuzaliwa, nyumba zao na magonjwa yao. Hebu fikiria msichana aliyebakwa. Amejikaza akapiga simu kuomba msaada, kisha jina lake na mlango wa nyumba yake vinasomwa redioni, na jirani mwenye skana anasikia yote. Kwa kweli hoja hii ilinifanya niweke kalamu chini kwa muda. Sitaki kuishi katika nchi ambayo msichana huyo anaogopa kupiga simu.

Isitoshe, wasikilizaji wenyewe wana makosa yao. Mwezi wa Aprili 2013, baada ya mabomu kulipuka katika mbio za marathoni za Boston, maelfu ya watu walisikiliza polisi wakiwasaka washukiwa, wakawa wanayaandika waliyoyasikia kwenye mitandao papo hapo. Ilibidi polisi wawaombe wasitangaze askari walikuwa wapi. Tena yakaenezwa madai kwamba jina la kijana mmoja limetajwa redioni kuwa ni mshukiwa. Kijana yule hakuwa na hatia yoyote. Ulimi hauna mfupa, na kidole kwenye kitufe cha simu ni vivyo hivyo.

Sasa mtu ataniuliza, "Kama umeyakubali yote hayo, mbona bado unang'ang'ania redio ziwe wazi?" Nang'ang'ania kwa sababu dawa inayotolewa ni kubwa kuliko ugonjwa.

Turudi kwenye yale makundi ya mazungumzo. Katika mfumo wa trankingi, si lazima ufumbe kila kitu. Kundi hili linaweza kufumbwa na lile likaachwa wazi. Kikosi kinachozingira nyumba yenye jambazi mwenye bunduki kiwe na kundi lake lililofumbwa, sina neno. Wapelelezi nao wawe na lao. Jina la msichana yule na mlango wake vitumwe kwa kundi lililofungwa, au kwa simu, au kwa kompyuta iliyo ndani ya gari la polisi. Lakini askari anayetumwa kwenye ajali barabarani, au kwenye moto sokoni, au kutawanya vijana wanaopigana, ana siri gani? Darasa moja likiwa na mtihani, tunafunga mlango wa darasa hilo na kuweka msimamizi. Hatufungi lango la shule nzima tukawaambia wazazi warudi mwisho wa muhula.

Wala sisemi ndoto. Polisi wa mji mdogo wa Palo Alto huko California walifumba redio zao Januari 2021, baada ya jimbo kuagiza habari za binafsi za watu zilindwe. Wakazi na wanahabari wakalalamika. Septemba 2022 mji ukazirudisha redio wazi, na habari za binafsi zikatafutiwa njia nyingine, agizo la jimbo likiendelea kuheshimiwa. Kumbe inawezekana! Anayesema ni lazima kufunga kila kitu hasemi habari za mitambo. Anasema anachokitaka yeye.

Sababu yangu ya pili ni kwamba mwenye nguvu hufanya kazi vizuri zaidi akijua anasikika. Mwaka 2020, wakati wa maandamano yaliyofuata kifo cha George Floyd, wasikilizaji walinasa sauti kwenye masafa ya polisi wa New York. Sauti moja ilisema waandamanaji wapigwe risasi, nyingine ikasema wagongwe na gari. Wanahabari wakaziandika, na wakubwa wa polisi wakalazimika kuulizwa. Jamani, kama masafa yale yangekuwa yamefumbwa, nani angejua? Wangebaki waliosema na waliosikia, na kikulacho ki nguoni mwako. Watu wengine watasema polisi hurekodi kila kitu, kwa hivyo raia anaweza kuomba kanda baadaye. Ndiyo, lakini mwenye kanda ndiye mwenye kuamua lini akupe na akupe kipande gani.

Sababu ya tatu ni usalama wenyewe. Dakika 30 za Chicago zinatosha kwa mwanahistoria, hazimtoshi mama aliye nyumbani na watoto huku risasi zikilia mtaani. Moto wa msituni ukishuka na upepo, kama unavyofanya mara kwa mara California, watu huwasikiliza zimamoto wajue barabara ipi imefungwa na upande upi wa mlima umeshashika. Wengine huanza kufungasha hata kabla tangazo rasmi halijawafikia. Anayesikia mapema hupata nafasi ya kukimbia mapema.

Kuhusu wezi, nakubali kwamba wapo wanaosikiliza. Lakini majimbo kadhaa, kama Florida na Minnesota, yaliweka sheria ya kuzuia skana ndani ya magari isipokuwa kwa wenye ruhusa. Mahali pengine kuitumia skana katika kutenda uhalifu ni kosa la peke yake. Huko ni kumshika mwizi mkono. Kufumba kila kitu ni kuwaziba masikio watu mia moja waaminifu ili mwizi mmoja asisikie, na mwizi mwenyewe anaweza kumweka mwenzake pembeni ya barabara akachungulia kwa macho.

Basi haya yote yanatuhusu nini sisi tulio huku? Naomba kwanza mtu yeyote asikimbie kuagiza skana kwa kusoma makala haya. Sheria za Marekani si zetu. Kwetu Kenya masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na mwenye hamu aanze kwa kuuliza huko. Lakini swali lenyewe limo ndani ya Katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, pamoja na mawasiliano yake. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Vifungu hivyo viwili vimekaa kurasa chache tu kutoka kimoja hadi kingine, na waliovitunga hawakuviona kuwa maadui. Msichana yule analindwa na cha 31. Askari anayetumwa kwa jina langu na kwa kodi ya baba yangu anaangukia cha 35. Kosa ni kukichukua cha 31, ambacho kiliandikwa kumkinga mnyonge, kikageuzwa blanketi la kumfunika mkubwa.

Nasi wenyewe tuna kazi ya kufanya. Kama tunataka kuaminiwa na masikio yetu, tujifunze kusikia bila kubwabwaja. Anayesikia kuna ajali asikimbilie huko na simu kupiga picha za maiti. Anayesikia jina la mtu alimeze. Mwenye kusikia nusu ya habari asiitangaze kana kwamba ni nzima. Wale wa Boston waliharibu jina la mtu asiye na hatia, na kila mkubwa anayetaka kufunga mlango huutaja mfano huo kwanza. Tusimpe sababu.

Najua wapo wenzangu katika Chama cha Kiswahili ambao hawakubaliani nami, hasa wale ambao wazazi wao ni askari. Mzazi aliye kazini usiku ana haki ya kurudi nyumbani salama, na sitambishia mtoto wake anayelihofia hilo. Ninachomwomba ni kimoja tu: atueleze ni neno gani hasa ambalo raia akilisikia litamdhuru mzazi wake. Hilo tutalifungia pamoja. Yaliyobaki, polisi wayaseme watu wakisikia.